Kon ya mashabiki Kisumu: vitu watu hudhani, na venye mambo huenda kweli

Picha za kosplei, yaani watu wamevaa kama wahusika wa katuni na gemu, zikianza kuzunguka kwa simu za watu huku Kisumu lazima mtu aulize, mbona tusipange kon yetu, yaani mkutano wa mashabiki wa anime (katuni za Kijapani), komiki na gemu, si ni ukumbi na spika na mabango kadhaa. Swali lenyewe nalipenda. Majibu yenye hufuata ndio hunimaliza, juu yanatoka kwa watu wamewahi kuona jukwaa peke yake. Wacha niyapitie yale nasikia sana.

"Waandaaji wanaomoka"

Hii ndio kubwa. Mtu anaangalia laini ya kuingia anapiga hesabu, watu 300 mara mia tano, elfu 150 hizo, Jumatatu wananunua gari. Hesabu ya kuingia iko sawa, ya kutoka ndio amesahau. Mwenye ukumbi anataka pesa zake kabla ufungue mlango, mwenye tenti na viti hivyo hivyo, kuna PA (spika na maiki), jenereta na mafuta yake, mabaunsa, watu wa huduma ya kwanza, bendi za mkono, chakula cha mavolontia, zawadi za washindi. Halafu tiketi zenyewe zinanunuliwa mwisho mwisho kabisa, watu wetu hawalipi mapema, wanangoja waone kama itanyesha na kama mabeste wanaenda. Kwa hivyo unakaa wiki kadhaa na bili bila mapato, na huko ndiko kon nyingi hufia, kabla hata bango halijapanda.

Na si shida ya huku tu. DashCon, kon moja ya Marekani, mwaka wa 2014, watu wakiwa washaingia, waandaaji walisimama mbele yao kuomba mchango wa dola 17,000, wakisema hoteli inataka hiyo pesa usiku huo huo. Sasa angalia zile zimedumu zinabebwa na nani. Worldcon, kon ya hadithi za kisayansi, ya kwanza ilikuwa New York 1939, mpaka leo ni mavolontia. Comiket, soko la komiki za mashabiki huko Tokyo, tangu 1975, mavolontia. San Diego Comic-Con iko tangu 1970 na ni shirika lisilo la faida. Hao na umati wao wote, halafu wewe na watu 300 unaulizwa gari.

Afueni kidogo hutoka kwa wauzaji wanaolipia meza na kwa mdhamini, na mdhamini anataka barua na idadi ya watu, hana haja na hadithi ya venye anime imeshika sai.

"Ukumbi ni kuta na paa, chukua ile ya bei poa"

Ukumbi ni stima! Kuta baadaye. Soketi ya kawaida hapa kwetu ni ya ampea 13, kwa volti 240 hiyo ni kama wati 3,000 na kitu. PlayStation 5 ikicheza gemu nzito hukula kama wati 200, weka TV juu yake, sema 300 kwa kila stesheni, kwa hivyo stesheni sita kwa ekstensheni moja bado zinapumua. Halafu mtu wa chipo anaingia na mashine yake ya umeme, hiyo peke yake inaweza kuvuta wati 2,000 na zaidi, anaona kwa ekstensheni yenu kuna tundu limebaki, anachomeka na roho safi kabisa. Kama ni fainali ya gemu ya Tekken, wachezaji wawili wamebakisha raundi moja, fyuzi inaenda, na sasa uko na vijana themanini wanakuangalia wewe, si mtu wa chipo.

Ndio maana unafaa kuzunguka ukumbi na fundi wa stima kabla ulipe hata shilingi, mjue soketi gani iko kwa swichi gani, mbandike karatasi, na mambo ya jikoni ipewe laini yake ama ipike na gesi huko nje. Jenereta pia watu huielewa vibaya, wanadhani ikikuwa kwa kampaundi basi mko salama. Ile ya kuwashwa na mkono inachukua dakika zake, na katikati hapo kila konsoli imezima, maiki imekufa katikati ya sentensi. Weka UPS (betri ya akiba) kwa mixa na kwa ile laptopu ya alama za majaji, hizo mbili tu zinatosha, na mwenye jenereta asiende mbali, akienda kula samaki Dunga mmeisha.

Ukitoka kwa stima uliza hewa. Kisumu iko kama mita 1,130 juu ya bahari na Nairobi inakaribia 1,800, kwa hivyo ile deraya ya foam yenye mtu alivaa Nairobi mchana kutwa na tabasamu, huku saa saba mchana ni adhabu. Foam haipitishi jasho, na gundi ya kontakti ikipata joto inaanza kuachia, bega linaanguka, kwapa linafunguka. Kon nzuri huku huwa na chumba cha kubadilisha chenye feni, maji ya kunywa yasiyouzwa bei ya uwanja wa ndege, na meza ya kurekebisha yenye gundi, pini, uzi na tepu. Hiyo meza ni bei rahisi kuliko bango moja na watu huishukuru kuliko mgeni wa heshima. Alasiri nayo ngurumo zikianza upande wa ziwa, wauzaji wa michoro walio chini ya tenti wawe na karatasi ya plastiki karibu. Msanii akipoteza printi zake zote kwa mvua ya dakika kumi harudi mwaka ujao.

"Ni sherehe ya ndani, haina makaratasi"

Iko nayo, tena mob. Kaunti ina vibali vyake, muziki wa kuchezea umma una leseni yake, na ile mpango ya "tutaweka anime kwa projekta watu waangalie" ndio hushika wengi, juu sheria ya filamu, Sura ya 222, inataka filamu ya kuonyesha umma iwe imepitishwa na bodi ya kuainisha filamu, yaani KFCB. Akaunti yako ya kustrimu nayo ni ya kuangalia wewe nyumbani, kulipa kila mwezi hakukufanyi mwenye sinema.

Barua kwa OCS, mkuu wa kituo cha polisi, usiiruke pia. Fikiria kijana anashuka tuktuk Kondele na bunduki ya kosplei imepakwa rangi nyeusi safi, inafanana na ya kweli kabisa, na hapo kituoni hakuna mtu ameambiwa kitu. Weka sheria kwa bango lenyewe: silaha zote za kuigiza zinafungwa kwa gunia mpaka ndani, bunduki iwe na rangi kali mdomoni, na mlangoni kuna mtu wa kuzikagua.

Picha pia. Sheria ya kulinda data ya 2019 inataka idhini ya mzazi kwa data za mtoto, na kon zetu zimejaa watoto wa sekondari, kwa hivyo mpiga picha wenu asimwage sura za watoto mtandaoni bila kuuliza. Kwa wakubwa, New York Comic Con iliweka mabango mwaka wa 2014 ikisema waziwazi kwamba kuvaa kosplei si kukubali kushikwashikwa mwili. Hiyo ingia nayo huku bila kubadilisha kitu, na uwe na mtu mmoja anayejulikana, ikiwezekana dada mkubwa asiyeogopa mtu, wa kupelekewa malalamiko.

"Mlangoni ni kulipa M-Pesa tu na kuingia"

Ni hivyo mpaka watu mia wafike saa nne kasoro wote pamoja. Aliyelipa mapema awe na laini yake, na ya malipo iwe na watu wawili, mmoja anaangalia meseji kwa simu ya till, mwingine anafunga bendi. Simu ya mteja usiiangalie hata kidogo, meseji feki zinatengenezwa vizuri siku hizi. Netiwaki ikilala muwe na chenji.

"Show kubwa iwekwe usiku ndio inoge"

Nairobi labda. Huku nusu ya watu wako wametoka Maseno, Kakamega, Siaya, Bondo, wengine Busia, na wanaangalia matatu ya kurudi. Ukiweka shindano la kosplei saa moja usiku utatoa zawadi mbele ya viti. Weka saa nane na nusu, majaji wamalize kukagua mishono asubuhi huko nyuma, saa kumi na moja watu waanze kutoka.

"Volontia anaingia bure anaona kila kitu"

Haoni kitu. Anasikia makofi kutoka nje akiwa analinda mlango wa vyoo. Mpe zamu fupi, chakula cha moto na nauli, na umwambie mapema ni kitu gani atakosa, achague mwenyewe. Wale hutoroka saa saba mara nyingi si wavivu, walidanganywa tu.

Na huyo volontia usimwachilie zawadi zikishatolewa, watu hudhani kazi imeisha hapo. Viti vinahesabiwa na mwenyewe akiwa hapo, vilivyovunjika vinakatwa kwa pesa zako, tepu zinabanduliwa ukutani pole pole rangi isitoke, na ukumbi una saa ya kufunga, ikipita unalipia nyongeza. Kwa hivyo zamu ya kufungasha iandikwe siku ile ile mnaandika ya mlangoni, na wawe watu tofauti.