Je, wajua kwa nini mdomo wa chupa ya dawa huzibwa kwa foili?

Ukinunua chupa mpya ya vidonge vya maumivu Marekani, utapambana nayo kwanza kabla ya kukipata kidonge. Boksi limegandishwa kwa gundi. Ukishalichana, unakuta shingo ya chupa imebanwa kwa ukanda wa plastiki uliokaza hadi juu ya kifuniko. Ukiukata ukanda na kufungua, mdomo wa chupa nao umezibwa kwa foili iliyong'ang'ania, na wengi huishia kuitoboa kwa kidole. Wengi wetu hudhani yote hayo ni ya kuzuia unyevu, au watoto. Sivyo. Vizuizi hivyo vilifika madukani ndani ya majuma machache ya mwaka 1982, baada ya watu 7 kufa kwa sumu jijini Chicago na vitongoji vyake. Aliyewaua hajulikani mpaka leo.

Kabla ya hapo chupa ya dawa ilikuwa wazi kama chupa ya asali. Ni kweli kwamba mwaka 1970 Bunge la Marekani lilikuwa limepitisha sheria iliyoleta vile vifuniko vya kubonyeza kwanza ndipo uzungushe, ili mtoto asiweze kufungua. Lakini mtu mzima alifungua bila shida, akatoa kipande cha pamba kilichowekwa juu ya vidonge, akafanya alichotaka, akarudisha kila kitu mahali pake na kuiacha chupa palepale kwenye rafu. Hakuna ambaye angejua. Waliotunga sheria walimfikiria mtoto anayechokoa kabati la mama yake. Mtu mwenye nia mbaya aliyesimama katikati ya duka hakuwamo mawazoni mwao.

Dawa yenyewe iliitwa Tylenol, na ndani yake mlikuwa na paracetamol, ileile ya Panadol tunayoijua. Ilikuwa imeshika zaidi ya theluthi moja ya soko la dawa za maumivu za kununua bila cheti cha daktari, ikiuzwa hata kwenye maduka ya vyakula. Watu wengi walipenda zile za kapsuli, nyekundu kwa nyeupe, kwa kuwa zinateleza kooni. Kapsuli ni maganda mawili ya jelatini, moja limeingizwa ndani ya jingine, na katikati kuna unga wa dawa. Ukiyavuta yanaachana. Unaweza kumwaga unga uliomo, ukatia mwingine, ukayarudisha, na kwa macho huoni tofauti yoyote.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 29 Septemba 1982, msichana wa miaka 12 katika mji wa Elk Grove Village aliamka na mafua, akameza kapsuli moja. Alikufa siku hiyohiyo. Mchana, mfanyakazi wa posta mwenye umri wa miaka 27 alianguka nyumbani kwake Arlington Heights, mji wa jirani, na madaktari wakadhani ni moyo. Jioni ndugu zake walikusanyika nyumbani kwake kuomboleza. Mdogo wake na mke wa huyo mdogo, waliokuwa wameoana karibuni tu, walishikwa na maumivu baada ya kutwa nzima ya msiba. Wakachukua chupa ileile ya marehemu, kila mmoja akameza. Mdogo mtu alikufa usiku huo, na mkewe siku mbili baadaye. Familia ilizika watatu. Katika siku hizohizo walikufa pia wanawake watatu waliokuwa wakiishi mbali na nyumba hiyo, mmoja wao akiwa ametoka kujifungua, mwingine mhudumu wa ndege.

Aliyeanza kukifungua kitendawili alikuwa muuguzi wa afya ya jamii wa Arlington Heights. Alikwenda kwenye ile nyumba, akakagua maliwato na kabati la dawa, akaiona chupa ya Tylenol na risiti iliyoonyesha imenunuliwa siku ileile. Akamwaga kapsuli na kuzihesabu. Zilikuwa zimepungua sita, na watu watatu walikuwa wameanguka. Akasema hapohapo kwamba tatizo ni dawa, lakini hakusikilizwa mara moja. Napenda kumtaja kwanza, kwa sababu katika masimulizi mengi ya kisa hiki sifa huenda kwa wakuu wa kampuni, ilhali kilichookoa watu kilianza na mama aliyekaa chini akahesabu vidonge.

Usiku huo, Edmund Donoghue, naibu mkuu wa madaktari wanaochunguza vifo katika kaunti ya Cook, alimwambia kwa simu mpelelezi aliyekuwa na chupa mbili, ya yule msichana na ya ile familia, azinuse. Zote zilitoa harufu ya lozi chungu. Harufu hiyo ni ya sianidi, na si kila mtu amezaliwa na uwezo wa kuisikia, kwa hiyo ilikuwa bahati kwamba pua iliyokuwa karibu iliweza. Maabara ikathibitisha kwamba ni potasiamu sianidi. Sumu za jamii hiyo ndizo zinazotumika kuchenjulia dhahabu migodini, pamoja na migodi ya Kanda ya Ziwa. Kinachofanya sianidi iue haraka ni kwamba haizuii mapafu kuvuta hewa. Inazifunga seli zisiweze kuitumia oksijeni iliyokwisha kufika. Damu imejaa hewa, na ubongo na moyo vinakufa kwa kuikosa.

Swali la pili likawa ni wapi sumu iliingia. Chupa zenye sumu zilitoka katika viwanda viwili tofauti, kimoja Pennsylvania na kingine Texas, lakini vifo vyote vilitokea eneo moja la Chicago. Mharibifu aliyekuwa kiwandani asingeweza kuwa kwenye viwanda viwili, na dawa za viwanda hivyo zilisambaa nchi nzima. Kwa hiyo wapelelezi wakaona kwamba kuna mtu alichukua chupa madukani, akabadilisha unga, kisha akazirudisha kwenye rafu zake. Polisi walizunguka mitaani na vipaza sauti wakiwaambia watu wasimeze Tylenol. Meya wa Chicago, Jane Byrne, akaamuru iondolewe katika maduka yote ya jiji.

Kampuni ya Johnson & Johnson, iliyokuwa ikiimiliki Tylenol wakati huo, haikuwa na kosa la kiwandani, na mwenyekiti wake James Burke angeweza kukaa nyuma ya hoja hiyo. Kwanza waliagiza zirudishwe shehena zilizohusika tu. Kisha tarehe 5 Oktoba, baada ya kapsuli nyingine kukutwa na sumu ya aina tofauti huko California, wakaagiza kapsuli zote nchini zirudishwe, chupa zipatazo milioni 31, hasara ya zaidi ya dola milioni 100. Sehemu yao ya soko ikaporomoka kutoka zaidi ya asilimia 35 hadi chini ya asilimia 10. Wengi walitabiri kwamba jina hilo halitauzika tena.

Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitangaza kanuni mpya tarehe 5 Novemba. Kuanzia hapo dawa za kununua bila cheti zilitakiwa kufungashwa kwa namna ambayo mtu akizichezea, alama ibaki. Siku sita baadaye kampuni ikaitangaza Tylenol mpya kwenye mkutano na waandishi uliorushwa kwa setilaiti. Ilikuwa na boksi la gundi, ukanda wa plastiki shingoni na foili mdomoni, pamoja na onyo la maandishi kwamba usitumie ikiwa lakiri zimevunjwa. Ndani ya mwaka mmoja sehemu kubwa ya wateja walikuwa wamerudi.

Inafaa kuiangalia hiyo foili kwa karibu, maana kazi yake ni ya kiufundi kuliko inavyoonekana. Leo viwanda vingi havigandishi foili kwanza halafu vikafunika. Foili huja ikiwa ndani ya kifuniko, imebandikwa kwa nta kwenye kadibodi nyembamba, na upande wa chini imepakwa plastiki laini. Mashine inajaza chupa na kukaza kifuniko, kisha chupa inapita chini ya koili, yaani waya uliozungushwa, yenye mkondo wa umeme unaobadilika haraka. Koili haiigusi chupa. Uga wa sumaku unapenya kifuniko cha plastiki bila kukidhuru na kuzalisha mkondo ndani ya aluminiamu, na foili inapata moto papo hapo. Plastiki ya chini inayeyuka na kushikana na mdomo wa chupa. Nta ya juu nayo inayeyuka na kunyonywa na kadibodi, ndiyo maana ukifungua, kadibodi inabaki kwenye kifuniko na foili kwenye chupa. Ukishaibandua, huwezi kuirudisha kwa gundi ya mkononi au kwa pasi pasibaki mkunjo au mchaniko. Ukanda wa shingoni unafuata mantiki hiyohiyo. Ni plastiki iliyovutwa kiwandani ambayo ikipigwa hewa moto hujikunja irudi udogo wake, ikabana. Aliyeukata hawezi kuuvutia tena.

Kwa hiyo lakiri haina nguvu ya kumzuia mwovu. Kisu kinaipasua, hata ukucha. Kazi yake ni kumfichua mwovu kwa mtu atakayeishika chupa baada yake, na ndiyo sababu haina maana yoyote mikononi mwa mnunuzi asiyetazama. Huku kwetu bado vidonge vingi hutoka kwenye kopo kubwa la dirisha la dawa, vikahesabiwa na kutiwa kwenye kibahasha kilichoandikwa 2x3. Hapo lakiri imekwisha kazi yake kwa mfamasia, na mgonjwa anamwamini mtu, si foili. Vile vya kwenye pakiti ya kubonyeza ni tofauti. Kila kidonge kina chumba chake na mlango wake, na ukipokea pakiti yenye tundu au mkunjo usiokuwa wa kawaida, irudishe.

Sheria nayo ilibidi ibadilike. Mwaka 1982 kuchezea dawa iliyoko dukani hakukuwa kosa la jinai la serikali kuu. Oktoba 1983 Rais Ronald Reagan akatia saini sheria iliyofanya kitendo hicho kuwa kosa kubwa, na kama mtu amekufa, adhabu inaweza kufika kifungo cha maisha. Mtu mmoja aitwaye James Lewis alihukumiwa kwa kuiandikia Johnson & Johnson barua akidai dola milioni 1 ili mauaji yakome. Alitumikia miaka 13 gerezani kwa kosa hilo la kudai fedha kwa vitisho. Kwamba ndiye aliyetia sumu, alikana hadi alipokufa mwaka 2023, na hakuna mtu aliyewahi kushitakiwa kwa vifo vile saba.

Mtu angependa kusema kwamba vizuizi vilimaliza tatizo, lakini Februari 1986 mwanamke wa miaka 23 alikufa jimbo la New York baada ya kumeza kapsuli ya Tylenol, na chupa ilikuwa ya toleo lile jipya la lakiri tatu. Johnson & Johnson wakaamua kuachana kabisa na kapsuli za kununua bila cheti. Badala yake wakatia mkazo kwenye kidonge kigumu chenye umbo refu la kapsuli, kinachoteleza vilevile lakini hakina maganda ya kuachanisha. Nadhani uamuzi huo ulikuwa na uzito kuliko lakiri zote tatu, kwa kuwa uligusa dawa yenyewe badala ya kuiongezea nguo.

Juni mwaka huohuo, huko Auburn katika jimbo la Washington, watu wawili walikufa kwa kapsuli za Excedrin, dawa ya kampuni nyingine. Maabara ya FBI ilipochunguza ile sianidi ikakuta ndani yake chembe ndogo za kijani. Zilikuwa mabaki ya dawa ya kuua mwani kwenye matangi ya samaki wa kufuga, maana sumu ilikuwa imetwangwa kwenye chombo kilichotumika kwanza kusaga dawa hiyo. Nyuzi zikafika kwa Stella Nickell, mjane wa mmoja wa waliokufa, aliyekuwa na tangi la samaki nyumbani. Alimuua mumewe ili apate fedha za bima, na akaweka chupa nyingine zenye sumu madukani ili kifo kionekane kazi ya mwendawazimu asiyejulikana kama yule wa Chicago. Mwanamke mwingine, ambaye hakuwa na uhusiano wowote naye, akanunua moja ya chupa hizo. Mwaka 1988 Nickell alihukumiwa miaka 90 kwa ile sheria ya 1983, akiwa mtu wa kwanza kutiwa hatiani chini yake kwa kusababisha vifo.

Kapsuli hazikutoweka madukani. Mwaka 1989 FDA ilikaza kanuni, na mwaka 1998 ikaagiza kwamba kapsuli zote ngumu za vipande viwili zinazouzwa bila cheti zizibwe zenyewe, pale maganda mawili yanapokutana. Ukiiona kapsuli yenye mkanda mwembamba wa jelatini kiunoni, huo ndio.