Biashara ya vibali vya hewa ukaa, na nafasi ya nyuklia ndani yake

Biashara ya vibali vya hewa ukaa ni utaratibu ambao serikali, au kundi la nchi, huweka kikomo cha jumla cha gesi joto (gesi zinazopasha joto dunia, hasa hewa ukaa) ambacho viwanda na vituo vya umeme havipaswi kukipita kwa mwaka, kisha hukigawa kikomo hicho katika vibali vya tani moja moja na kuruhusu vibali hivyo viuzwe na kununuliwa. Mwaka ukiisha, kila kiwanda hutoa hesabu iliyokaguliwa ya gesi iliyotoka kwenye mabomba yake, na hurudisha serikalini vibali vinavyolingana na hesabu hiyo. Kikipungukiwa hutozwa faini, ambayo katika Umoja wa Ulaya haijashuka chini ya yuro 100 kwa tani tangu 2008, na bado hudaiwa vibali vilivyokosekana. Kikomo chenyewe hupunguzwa mwaka hadi mwaka.

Hapa Lubumbashi watu wengi husikia habari za soko la kaboni pale tu unapokuja mradi wa kupanda miti au kugawa majiko, ndiyo maana wengi wetu huona kwamba kiini cha jambo ni kuuza. Kwa maoni yangu, nguvu yote ya utaratibu huu imo katika kikomo, na biashara ni njia tu ya kukifikia kwa gharama ndogo. Mtu akilishika hilo, ugomvi wa kisiasa unaozunguka vibali, ukiwemo ule wa nishati ya nyuklia, huwa rahisi zaidi kuufuata.

Tuchukue viwanda viwili, kila kimoja kikitoa tani 100 kwa mwaka, na serikali inataka jumla yao ishuke kutoka 200 hadi 160. Cha kwanza kinaweza kupunguza tani moja kwa dola 10, kwa sababu mitambo yake ni ya kizamani na ina mengi ya kurekebishwa. Cha pili, ambacho tayari ni cha kisasa, kinahitaji dola 50 kwa kila tani. Vikiamriwa vyote vipunguze tani 20, cha kwanza kitatumia dola 200 na cha pili 1,000, jumla 1,200. Sasa kila kimoja kipewe vibali 80 na kiachiwe kufanya biashara. Cha kwanza kitapunguza tani 40 kwa dola 400, kitabakiwa na vibali 20 vya ziada, na kitaviuza, tuseme, kwa dola 30 kimoja. Cha pili kitalipa 600 badala ya 1,000, na cha kwanza kitapata faida ya 200. Angani jumla ni tani 160 katika hali zote mbili, ila gharama kwa nchi nzima imeshuka kutoka dola 1,200 hadi 400. Hiyo ndiyo hoja ya wanauchumi, na ni hoja nzito.

Lakini inafaa kwa gesi za aina fulani tu. Bomba refu la kiwanda cha shaba, kilichoanza kuyeyusha madini mwaka 1911 chini ya Union Minière, kampuni ya madini ya enzi ya ukoloni, na baadaye kikawa cha Gécamines, kampuni ya serikali, bado linaonekana kutoka mitaa mingi ya mji wetu. Kwa miaka mingi lilitoa dioksidi ya salfa pamoja na vumbi la metali, na upepo ulivipeleka upande wa kaskazini-magharibi. Ukienda Penga Penga utaona matokeo yake: miti ya miombo imetoweka, udongo uko wazi katika sehemu kubwa, na kinachoota ni nyasi fupi zinazovumilia shaba. Kwa moshi wa namna hiyo, haiwezekani kumwambia mkazi wa Penga Penga aridhike kwa sababu kiwanda cha mji mwingine kimepunguza kwa niaba yake. Madhara yanamkuta aliye chini ya bomba. Hewa ukaa ni tofauti, kwa kuwa huenea katika anga lote la dunia, na tani iliyotoka Shanghai hupasha joto sawa na iliyotoka Berlin au Likasi. Kwa sababu hiyo tu ndipo inapoingia akilini kuhamisha wajibu wa kuipunguza kutoka kiwanda kimoja hadi kingine.

Hata hivyo, mfumo mkubwa wa kwanza ulihusu salfa. Marekani, kwa sheria iliyotiwa saini na Rais George H. W. Bush mwaka 1990, iliviwekea vituo vya umeme vya makaa ya mawe kikomo cha dioksidi ya salfa ili kuzuia mvua ya asidi, na vibali vikaanza kutumika mwaka 1995. Viwango vya hewa safi vya kila eneo havikuondolewa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kununua haki ya kuwasonga jirani zake. Vipimo viliwekwa ndani ya mabomba yenyewe, vikisoma moshi mfululizo. Mpango ulifaulu, na Marekani ndiyo iliyosukuma wazo hilo liingie katika Itifaki ya Kyoto ya 1997, mkataba wa kimataifa wa kupunguza gesi joto, ingawa Marekani yenyewe haikuuridhia hata siku moja.

Soko la Umoja wa Ulaya lilifunguliwa tarehe 1 Januari 2005, na historia yake inaonyesha kinachotokea kikomo kinapolegea. Serikali ziligawa vibali vya bure kupita mahitaji ya viwanda vyao. Ilipobainika mwaka 2006 kwamba vibali ni vingi kuliko gesi inayotolewa, bei iliporomoka, na kufikia mwisho wa 2007 kibali hakikuwa na thamani hata ya yuro moja. Wakati huohuo makampuni ya umeme, yaliyopewa vibali bila kulipa, yaliingiza bei yake katika ankara za wateja na kujipatia faida ya bure. Wananchi walikasirika, na walikuwa na haki. Marekebisho yalichukua zaidi ya miaka kumi: vituo vya umeme vikaanza kununua vibali mnadani, vibali vya ziada vikawekewa akiba maalumu kuanzia 2019, na Februari 2023 bei ikavuka yuro 100.

Kwingine siasa iliuzidi nguvu uchumi. Nchini Marekani, Baraza la Wawakilishi lilipitisha mswada wa vibali mwaka 2009 kwa kura 219 dhidi ya 212, na Seneti haikuupigia kura kabisa. Nchini Australia, serikali ya Julia Gillard iliweka bei ya kaboni Julai 2012. Tony Abbott akashinda uchaguzi akiahidi kuifuta, na Julai 2014 ikafutwa. Wapinzani wa utaratibu huu hutoka pande zote mbili: wapo wanaosema unapandisha bei ya umeme na kufukuza viwanda, na wapo wanaosema unamruhusu tajiri kununua haki ya kuchafua. Hoja ya pili hugusa dhamiri, lakini jibu lake liko palepale kwenye kikomo, kwani kikiwa kigumu, tajiri hawezi kununua tani ambayo mwingine hajaipunguza.

Nyuklia inaingia hivi. Kinu cha nyuklia hakichomi kitu. Joto lake hutokana na kupasuka kwa viini vya urani. Jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, IPCC, katika ripoti yake ya 2014 lilikadiria kwamba, ukihesabu pia uchimbaji wa madini na ujenzi, umeme wa nyuklia hutoa gramu 12 za hewa ukaa kwa kila kilowati-saa, na wa makaa ya mawe gramu 820. Mwenye kinu, basi, hahitaji vibali. Mwenye kituo cha makaa kinachotoa takriban tani moja kwa kila megawati-saa huongeza karibu yuro 80 kwenye bei yake pale kibali kinapokuwa yuro 80, na kwa kuwa wote wawili wanauza katika soko moja, mwenye kinu hupokea bei ileile iliyopanda bila kulipa gharama iliyoipandisha. Wanaoitetea nyuklia huita hilo haki: asiyechafua apate faida. Wanaoipinga husema ni ruzuku ya mlango wa nyuma kwa teknolojia ambayo taka zake hubaki hatari kwa maelfu ya miaka, na ambayo Chernobyl mwaka 1986 na Fukushima mwaka 2011 zimeonyesha ajali yake inafananaje. Wote wawili wanazungumzia kitu kimoja. Soko la vibali halichagui teknolojia; linaitoza gesi peke yake, na hatari nyinginezo haziko katika mizani yake.

Ujerumani ilifunga vinu vyake vitatu vya mwisho tarehe 15 Aprili 2023. Wengi walilalamika kwamba kuzima nyuklia huku makaa ya mawe yakiendelea kuchomwa ni kuongeza hewa ukaa. Ndani ya soko lenye kikomo jibu ni gumu zaidi ya hapo: vituo vya makaa vikifanya kazi zaidi hulazimika kununua vibali zaidi, bei hupanda, na kiwanda fulani huko Poland au Uhispania hulazimika kupunguza, ili jumla ya Ulaya ibaki palepale. Hoja hiyo ni sahihi kadiri kikomo kinavyoheshimiwa. Nami naona udhaifu wake hapohapo, maana bei inapopanda sana, serikali hushawishika kukilegeza kikomo, na kila kinu kinachofungwa hufanya kukaza kikomo cha kesho kuwe ghali zaidi kisiasa.

Kuna pia suala la muda. Kinu cha Olkiluoto 3 cha Finland kilianza kujengwa mwaka 2005, mwaka uleule soko la vibali lilipofunguliwa, na kilianza uzalishaji wa kawaida Aprili 2023. Flamanville 3 ya Ufaransa ilianza kujengwa mwaka 2007 na kuunganishwa na gridi Desemba 2024. Bei ya kibali katika kipindi hicho iliwahi kuwa karibu sifuri na iliwahi kuwa yuro 100. Hakuna benki inayoweza kukopesha mabilioni kwa kutegemea bei ya namna hiyo, ndiyo sababu Uingereza, ilipotaka kinu cha Hinkley Point C, ilikihakikishia pauni 92.50 kwa kila megawati-saa, kwa bei za 2012, kwa miaka 35. Serikali ilichagua yenyewe, soko likawa kando. Tukitazama mambo yalivyokwenda, bei ya kaboni imesaidia vinu vya zamani kuendelea kufanya kazi kuliko ilivyosaidia vipya kujengwa.

Katika nchi maskini kanuni zilikuwa nyingine. Itifaki ya Kyoto iliruhusu nchi tajiri kununua hati za kupunguza gesi, ambazo wengi huziita kredi za kaboni, kutoka kwa miradi ya nchi zisizokuwa na kikomo. Katika makubaliano ya Marrakech ya 2001, nchi tajiri ziliafikiana kutotumia hati zitokanazo na vinu vya nyuklia. Sisi wa Katanga tunalisoma hilo kwa namna yetu, kwa kuwa urani ya Shinkolobwe, karibu na Likasi, ilitumika kwa sehemu kubwa katika bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945, na kinu cha kwanza cha utafiti barani Afrika kiliwashwa Kinshasa mwaka 1959. Umeme wetu, hata hivyo, karibu wote hutoka majini, ukiwemo ule unaoletwa kutoka mabwawa ya Inga hadi Kolwezi kwa waya wa kilomita 1,700 hivi, na nchini mwetu mjadala wa nyuklia dhidi ya makaa ya mawe haumgusi mpishi yeyote. Linalomgusa ni makala, yaani mkaa, ya kwenye mbabula, jiko letu la mkaa.

Hati hizi ndipo ninapotaka tuwe waangalifu, kwa sababu zinatoka mahali pasipo na kikomo. Kibali ni sehemu ya jumla iliyokwisha kupimwa. Hati hulinganisha kilichotokea na kile ambacho kingetokea mradi usingekuwepo, na hicho cha pili hakuna anayeweza kukipima. Viwanda vya gesi za majokofu, hasa China na India, vililipwa fedha nyingi kwa kuteketeza gesi iitwayo HFC-23 hivi kwamba ilihofiwa vinaizalisha ili vilipwe kuiteketeza, na Umoja wa Ulaya ukazikataa hati hizo mwaka 2013. Majiko bora nayo yana tatizo lilelile. Mradi ukimpa mama wa mtaa wa Kenya au Katuba, hapa Lubumbashi, jiko linalobana makala, huhesabu gunia ambalo hatalinunua tena; lakini kama analitumia jiko jipya kwa chai tu, na bukari (ugali) anaendelea kuusonga juu ya mbabula ya zamani kwa sababu ndiyo inayobeba sufuria kubwa, hesabu ya mradi ni kubwa kuliko ukweli wa jikoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature Sustainability ulikadiria kwamba miradi ya majiko iliyochunguzwa ilipewa hati takriban mara tisa ya kilichopunguzwa kweli.

Mkataba wa Paris wa 2015, katika kifungu chake cha 6, umejaribu kuziba pengo hilo kwa kanuni ambazo zilikubaliwa kwa sehemu kubwa Glasgow mwaka 2021. Sasa kila nchi ina ahadi yake yenyewe, na nchi inapoidhinisha tani iliyopunguzwa iuzwe kwa nchi nyingine, ni lazima iirudishe tani hiyo katika hesabu yake, ili isihesabiwe mara mbili. Kwa Kongo maana yake ni kwamba tani tunayoiuza leo, ambayo kwa kawaida ndiyo rahisi kuliko zote kuipunguza, haitatusaidia kutimiza ahadi yetu wenyewe, na itatubidi baadaye kutafuta nyingine iliyo ghali zaidi. Kwa hiyo anayekuja kununua anapaswa kuulizwa, kabla ya kuulizwa bei, kama tani hiyo inahitaji idhini ya taifa, nani ameitoa, na itaandikwa katika hesabu ya nani.