Okonkwo hakuwa mlinzi wa mila

Kwenye makundi ya kujisomea hapa Dodoma, kuanzia sekondari hadi Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), jibu huwa tayari: Okonkwo, shujaa wa tanzia katika riwaya ya Chinua Achebe ya 1958, Things Fall Apart, alianguka kwa kutetea mila za Umuofia, jamii yake ya Waigbo, dhidi ya mabadiliko. Ni nusu ya ukweli. Wamisionari na serikali ya kikoloni aliwapinga kweli.

Ila mila zenyewe alizivunja kabla Mzungu yeyote hajatia mguu kijijini. Alimpiga mkewe katika Wiki ya Amani, wakati ugomvi ni mwiko, akatozwa mbuzi jike, kuku, nguo na kauri 100 (makombe yaliyotumika kama fedha). Mzee Ezeudu alimwonya asishiriki kumuua Ikemefuna, kijana wa kijiji kingine aliyelelewa kwa Okonkwo na kumwita baba, ambaye Umuofia iliamua auawe. Okonkwo akamkata kijana huyo kwa panga, eti asionekane mwoga! Hakuna mila iliyomlazimisha. Rafiki yake Obierika alibaki nyumbani.

Tena Umuofia yenyewe ilikuwa ikibadilika. Ezeudu anasimulia kuwa zamani mvunja amani aliburutwa kijijini hadi afe. Desturi hiyo ikaachwa kwa sababu iliharibu amani ileile iliyokusudiwa kulindwa. (Kipengele hiki hurukwa mno darasani.)

Kwa maoni yangu, alichokilinda zaidi ni sifa yake, kwa hofu ya kufanana na babake Unoka, aliyekufa na madeni. Hata kujinyonga kwake kulikuwa chukizo kwa ardhi: watu wa ukoo wake hawakuruhusiwa kumgusa, wakawaomba watu wa mkuu wa wilaya wamshushe.