Chini Hakuna "Mama wa Dhahabu": Jinsi Dhahabu Inavyosafiri Kutoka Mantili

"Chini kuna mama yake." Ukikaa siku mbili kwenye maabara ya kupima mawe hapa Nairobi utaisikia. Mteja ameshuka na basi la usiku kutoka Migori, mfuko wa mawe uko mezani, majibu yametoka gramu 2 kwa tani, naye anauliza ashuke mita ngapi zaidi ili amfikie mama. Anaamini dhahabu iliyeyuka huko chini kabisa, ikapanda kwenye nyufa kama uji unavyofurika sufuria, na kwamba mshipa wake ni tone la ziwa lililobaki. Watu wameuza ng'ombe na kukopa kwa imani hii.

Ziwa hilo halipo. Mwamba wa mantili, tabaka nene lililo chini ya ganda la dunia, una dhahabu kama sehemu 1 kwa bilioni, yaani miligramu 1 kwa tani. Pete ya gramu 4 ingehitaji dhahabu yote iliyomo katika tani 4,000: lori 200 za tani 20, zimejaa pomoni. Ni kweli dhahabu huyeyuka kwenye nyuzi 1,064 za Selsiasi, na ndani ya mantili kuna joto la kupita hapo. Lakini ile ya kule haijakaa kipande kizima kikisubiri kuyeyuka. Ni atomi zilizotawanyika, nyingi zimefichwa ndani ya salfaidi, madini ya salfa yenye chuma, nikeli na shaba, ambayo hayafiki hata sehemu 1 kwa 1,000 ya mwamba. Yamejibana pale punje za olivini, madini ya kijani yaliyojaa mantili, zinapokutana, kama mafuta yanavyong'ang'ania kona za sufuria.

Kwa hiyo ukitaka kujua dhahabu ilikwenda wapi, ifuate salfa. Mwamba ukiyeyuka kidogo, asilimia 5 hivi, magma (mwamba ulioyeyuka) inayotoka haiwezi kubeba salfa yote; salfaidi inabaki nyuma, na dhahabu inabaki nayo. Kuifungua kuna njia mbili. Moja ni kuyeyusha mwamba kwa wingi, asilimia 20 hivi, mpaka salfaidi iishe. Nyingine hutokea pale bamba la sakafu ya bahari linapozama chini ya bamba jingine, kama Chile au Indonesia. Likishuka linabanwa na kupata joto, linatoa maji yenye chumvi na salfa, na maji hayo yanapanda na kuoksidisha (kuongezea oksijeni) mantili iliyo juu yake. Salfa inageuka salfeti, yaani salfa iliyoungana na oksijeni, ambayo magma inaweza kuibeba takriban mara kumi zaidi kuliko salfaidi. Salfaidi inamalizwa, dhahabu inakosa pa kujificha, inapanda. Utafiti wa mwaka 2024 uliowashirikisha wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Michigan unaonyesha kwamba kilomita 50 hadi 80 chini ya volkano za aina hiyo, dhahabu hushikana na ioni (chembe yenye chaji ya umeme) yenye atomi tatu za salfa. Ioni hiyohiyo ndiyo inayolipa jiwe la thamani la lapis lazuli rangi yake ya buluu.

Juu, ndani ya ganda la dunia, mbebaji ni maji ya moto, na hapa pia salfa ndiyo mkono ulioishika dhahabu. Mishipa kama ya Migori na Kakamega hujengwa na maji ya nyuzi 200 hadi 450 hivi yanayopenya kwenye nyufa. Ufa ukipasuka ghafla, shinikizo linaanguka na mzigo unashuka. Au maji yanagusa mwamba wenye chuma kingi, chuma kinanyakua salfa na kutengeneza pairaiti, na dhahabu inaachwa palepale. Mshipa wako ndipo mzigo uliposhushwa. Chini yake kuna njia ambayo mzigo huo ulipitia. Njia hiyo yaweza kuendelea mamia ya mita ikiwa na dhahabu, kwa hiyo kushuka si kosa. Kosa ni kudhani kila mita inaongeza utajiri. Utajiri hukaa pale mshipa unapopinda, unapokutana na mwingine, au mwamba wa pembeni unapobadilika.

Ndiyo maana jiwe jeupe safi la mshipa, lililochaguliwa kwa uzuri, halitufai kwa kupima. Kata mfereji wa upana ulio sawa kukatiza mshipa wote, kilo 3 au zaidi, na kando chukua sampuli ya mwamba unaopakana nao, hasa wenye vitobo vya mraba vya kutu. Humo ndimo pairaiti ilimooza. Andika kina kwenye kila mfuko. Sampuli isipovunjwa yote na kusagwa iwe kama unga kabla ya kupima gramu 30 au 50 kwenye tanuri, punje moja kubwa itakudanganya, kwa kuwemo au kwa kukosekana.

Wateja huleta na hoja nyingine. "Longonot ni volkano, kwa hiyo kuna dhahabu." Volkano peke yake haithibitishi kitu. Longonot ni ya Bonde la Ufa, ambako ganda linapanuka na hakuna bamba linalozama. Miamba yenye dhahabu ya Migori ina zaidi ya miaka bilioni 2.5, Bonde la Ufa ni mtoto mbele yake.

"Dhahabu inavuja kutoka kiini cha dunia, tuifuate." Habari za mwaka 2025 zilitiwa chumvi. Watafiti wa Göttingen, Ujerumani, walipima rutheni, metali nyingine adimu, katika miamba ya volkano ya Hawaii, dhahabu hawakuipima. Tena shimo lenye kina kikubwa kuliko yote, la Kola nchini Urusi, lilifika mita 12,262, na lilikuwa bado ndani ya ganda.

"Dhahabu huota tena shimoni." Huko Lihir, Papua New Guinea, maji ya moto ya chini yana dhahabu kama sehemu 15 kwa bilioni na huleta kilo 24 hivi kwa mwaka katika mfumo mzima, na huo ni miongoni mwa mifumo tajiri zaidi duniani. Shimo baridi la Lolgorien, hapa Kenya, halina maji hayo. Kinachoonekana kama kuota ni mabaki ya mawe yaliyosagwa: zebaki ya mchimbaji haiishiki dhahabu iliyofungwa ndani ya pairaiti, na hewa na mvua zikiiozesha pairaiti kwa miaka, dhahabu inafunguka. Pima mabaki hayo kabla ya kuchimba shimo jipya.