Mkwaruzo kwenye kioo cha mbele cha gari: upi ung'arishwe nyumbani, upi uachwe

Akiona mkwaruzo kwenye kioo cha mbele, mtu huuliza kwanza apake nini. Dawa ya meno, rangi ya kucha, magadi soda. Kila mtu ana yake. Kabla hujanunua chochote, elewa kwamba mkwaruzo ni mfereji. Kioo kilichokuwepo pale kimeshang'oka na hakuna cha kukirudisha. Tunapong'arisha tunachofanya ni kukila kioo cha pembeni kidogo kidogo mpaka kilingane na sakafu ya ule mfereji. Kwa hiyo mkwaruzo unapotoweka, ujue kioo chako kimekuwa chembamba hapo.

Na hakina unene mwingi wa kuchezea. Kioo cha mbele ni tabaka mbili za kioo, kila moja takriban milimita 2, zilizoshikanishwa na utando wa plastiki ulio katikati. Utando huo ndio unaovishika vipande visiruke usoni gari likipigwa na jiwe. Wewe unafanyia kazi tabaka la nje tu.

Sasa hakikisha kwamba ulichokiona ni mkwaruzo kweli. Osha kioo kwa maji na sabuni, kisha pitisha kitambaa chenye siki na usuuze. Alama nyingi tunazoletewa kama mikwaruzo ni chumvi za maji yaliyokaukia pale, utomvu wa miti au mafuta ya waipa chakavu, na hutoka hapohapo. Iliyobaki ipitishie ncha ya kucha, kwa kuikata njia na si kuifuata. Kucha ikiteleza bila kuhisi kitu, mkwaruzo ni wa juu juu na unaweza kuujaribu nyumbani. Ikikwama, hata kidogo, acha. Sisemi hivyo kukutisha. Ni kwamba kuufikia mfereji wa kina hicho kunahitaji kuchimba bonde, na bonde kwenye kioo hugeuka lenzi.

Hilo nalijua kwa mikono yangu. Miaka ya nyuma, nikiwa bado najifunza, nilikuwa na mstari mmoja mbele ya usukani ambao kucha ilikuwa ikinasa. Nikaukazania asubuhi nzima, sehemu ileile, mpaka ukaisha. Nilijipongeza. Nilipoketi kwenye kiti cha dereva na kusogeza kichwa kushoto na kulia, nguzo ya umeme iliyokuwa ng'ambo ilijipinda katikati kama mwanzi, ikanyooka, ikajipinda tena. Mstari niliouondoa ulikuwa unaudhi. Nilichokiweka mahali pake kilikuwa kinaumiza kichwa kila safari, na kile kioo kiliishia kubadilishwa.

Turudi kwenye dawa za mitaani. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, kinachoanzia 1 hadi 10, kioo kiko karibu 5.5. Chokaa inayotumika katika dawa nyingi za meno iko karibu 3. Kitu laini hakiwezi kukila kilicho kigumu kuliko chenyewe, kwa hiyo dawa ya meno itasafisha uchafu uliojaa ndani ya mfereji, mstari utafifia kwa siku mbili, kisha vumbi litarudi na mstari nao utarudi. Rangi ya kucha isiyo na rangi hujaza tu. Haipitishi mwanga sawa na kioo, na waipa huibandua. Msasa na stilwaya ya kusugulia sufuria usivikaribishe kabisa.

Kinachofanya kazi ni unga wa oksidi ya seriamu, ule unaotumika kung'arisha lenzi. Ubora wake hautokani na ukali tu. Ukiwa na maji, hushirikiana na uso wa kioo kikemia, ukalainisha ngozi nyembamba sana ambayo pedi huiondoa taratibu. Huuzwa pamoja na pedi ngumu ya felti (sufu iliyogandamizwa) inayofungwa kwenye drili. Kwa mkono pia inawezekana, ila jiandae kuchoka.

Egesha gari kivulini na uache kioo kipoe. Vaa barakoa na miwani, maana unga huu haufai kuvutwa puani. Funika bodi, raba za pembeni na plastiki zilizo chini ya waipa kwa nailoni na tepu ya karatasi; uji wa seriamu ukikaukia kwenye plastiki nyeusi utautoa kwa mswaki na subira. Kisha ingia ndani ya gari na uzungushie mkwaruzo alama kwa kalamu inayofutika. Wengi huruka hatua hii, halafu uji ukishapakwa nje hawajui tena wanasugua wapi.

Koroga unga na maji upate uji wa wastani, usiochuruzika. Lowesha pedi, paka uji, washa drili kwa mwendo wa chini. Mizunguko 1,000 hadi 1,500 kwa dakika inatosha. Laza pedi bapa, usitumie ukingo wake. Usisimame mahali pamoja: tembeza upana wa kiganja kila upande wa mkwaruzo, ili upungufu wa unene usambae pole pole badala ya kuwa shimo. Uji ukianza kukauka na pedi kuvuta, nyunyizia maji. Kila baada ya nusu dakika hivi zima, gusa kioo kwa mgongo wa kiganja. Uvuguvugu si neno. Kikiwa cha moto kiasi cha kuondoa mkono, subiri kipoe chenyewe, na usithubutu kukimwagia maji baridi, kwani tofauti ya joto ndani ya kioo ndiyo inayokipasua.

Futa kila dakika tano na uangalie kwa tochi iliyolazwa pembeni, si kwa kuangaza moja kwa moja. Mikwaruzo myepesi inaweza kuchukua nusu saa au zaidi. Ukiona haibadiliki, haitabadilika. Jeraha la kina ni la fundi vioo, naye akiwa mwaminifu mara nyingi atakwambia ubadilishe. Eneo lililo mbele ya macho ya dereva nashauri usiling'arishe nyumbani zaidi ya kupunguza ukungu mwepesi. Vilevile eneo lililo mbele ya kamera ya gari, kama unayo, liache.

Tundu la jiwe na ufa ni habari nyingine. Huko hujazwa gundi maalumu ya resini, na kusugua juu yake huweza kuuongeza ufa.

Tuje kwa anayesababisha yote haya. Mchanga una chembe za madini ya kwazi (quartz), ambazo ugumu wake ni 7, yaani zinakishinda kioo. Ukiwasha waipa juu ya kioo kikavu chenye vumbi, umefunga msasa kwenye mkono wa mashine. Ndiyo maana mikwaruzo mingi hupinda kama upinde: inafuata njia ya waipa. Usiku, taa za gari linalokuja zikigonga ule upinde, mwanga hutawanyika na barabara hupotea kwa sekunde kadhaa, hata kama mchana ulikuwa huuoni.

Kwa hiyo kabla ya kung'arisha, inua waipa zote mbili na upitishe kitambaa cheupe kibichi kwenye ukingo wa mpira. Kikitoka na chembe, futa mpaka kitoke safi. Mpira ukiwa umepasuka au umekuwa mgumu, badilisha, na uangalie kama chuma cha ndani hakijajitokeza. Ukirudisha mkono wa waipa uushike hadi ulale, usiuachie ujipige. Nimeona vioo vikipasuka kwa kosa hilo, mwenye gari akiwa ndiyo kwanza amemaliza kuving'arisha.