Jinsi si Jinsia: Dhana Potofu Kuhusu Majukumu ya Wanawake na Wanaume

Watu wanaposema kwamba mwanamke ameumbwa kulea au kwamba mwanamume ameumbwa kuongoza, huwa wamechanganya mambo mawili yanayostahili kutazamwa kila moja peke yake. Jinsi ni hali ya kibiolojia: kromosomu (nyuzi za ndani ya seli zinazobeba urithi), homoni, viungo vya uzazi na mabadiliko ya mwili yanayokuja na balehe. Jinsia ni mpangilio wa kijamii: kazi, haki, mwenendo, heshima na mipaka ambayo jamii humwekea mtu kwa sababu ya jinsi yake. Kubeba mimba na kunyonyesha ni mambo ya jinsi; kumwogesha mtoto, kuamka usiku anapolia na kumpeleka kliniki ni mambo ya jinsia, kwa kuwa hakuna kiungo chochote cha mwili wa mwanamume kinachomzuia kuyafanya. Mkanganyiko huu huumiza watu, kwani jambo likishaitwa maumbile, anayelihoji huonekana anashindana na uumbaji wenyewe, na mjadala hufungwa kabla haujaanza.

Dhana: Kipimo kimoja hutosha kuonyesha jinsi ya mtu

Biolojia ya shuleni hufundisha kwamba binadamu ana kromosomu 46 katika jozi 23, na kwamba jozi moja, XX kwa wanawake au XY kwa wanaume, ndiyo huamua. Kwa watu walio wengi maelezo hayo yanatosha. Hata hivyo, hadi kufikia wiki ya sita hivi ya mimba tezi za uzazi za mtoto wa kike na wa kiume huwa hazijatofautiana kwa umbo. Jeni iitwayo SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990, huanzisha ukuaji wa korodani. Korodani hutoa homoni. Na homoni hizo sharti zipokewe na seli ndipo mwili uchukue umbo la kiume. Katika hatua yoyote kati ya hizo mambo yanaweza kwenda tofauti na ilivyozoeleka, na ndiyo sababu huzaliwa watu wachache ambao kromosomu, homoni na umbo lao la nje havilingani.

Mwaka 1985 mwanariadha wa Hispania wa mbio za kuruka viunzi, María José Martínez-Patiño, alipimwa kromosomu katika mashindano ya dunia ya vyuo vikuu huko Kobe, Japani, ikabainika kuwa ana XY. Alikuwa amezaliwa na kukua kama msichana, na seli zake hazikuwa na uwezo wa kuitikia homoni za kiume, kwa hiyo XY hiyo haikumpa faida yoyote uwanjani. Alifungiwa na kupokonywa rekodi zake, na akaruhusiwa kurudi mwaka 1988 baada ya kupigania haki yake. Hali kama yake si ya kawaida, lakini inatosha kuonyesha kwamba hata upande wa biolojia, ambao wengi huuona kuwa rahisi, unahitaji unyenyekevu.

Dhana: Kazi ziligawanywa kwa kufuata nguvu za mwili, basi

Dhana hii ina kipande cha ukweli, na kukikana hakumsaidii mtu. Kwa wastani wanaume wana misuli mikubwa zaidi, hasa mabegani na mikononi, na mama anayenyonyesha hawezi kwenda mbali na mtoto kwa siku nyingi. Wanaanthropolojia Murdock na Provost walilinganisha jamii 185 mwaka 1973, wakaona kwamba uwindaji wa wanyama wakubwa wa baharini na uyeyushaji wa madini vilikuwa kazi za wanaume karibu kila mahali. Ila waliona pia kwamba kazi nyingine nyingi, ufumaji ukiwamo, katika jamii moja zilikuwa za wanaume na katika nyingine za wanawake, na kila jamii ina namna yake ya kueleza kwa nini mgawanyo wake ndio wa asili.

Jambo la kuzingatia zaidi ni namna sababu ya kale inavyoendelea kutawala wakati yenyewe imekwisha kutoweka. Mwaka 1970 mwanauchumi wa Denmark, Ester Boserup, alieleza kwamba palipolimwa kwa jembe la mkono wanawake walifanya sehemu kubwa ya kazi za shambani, ilhali palipolimwa kwa plau ya kukokotwa na wanyama, ambayo huhitaji nguvu za mikono kuielekeza, shamba likawa la mwanamume na nyumba ikawa ya mwanamke. Mwaka 2013 wanauchumi Alesina, Giuliano na Nunn waliipima hoja hiyo kwa takwimu, wakakuta kwamba katika jamii zilizotokana na wakulima wa plau wanawake hata leo hushiriki kidogo zaidi katika kazi za nje ya nyumba. Tofauti hiyo ilionekana hata kwa watoto wa wahamiaji waliozaliwa na kukulia Ulaya na Marekani, watu ambao huenda hawajawahi kuishika plau. Hicho ndicho kiini cha jambo hili: kifaa kiliacha kutumika, desturi ikabaki, na waliorithi desturi wakaiita maumbile.

Dhana: Watoto huonyesha tofauti zao wenyewe kabla ya kufundishwa lolote

Wazazi wengi husema kwa moyo safi kwamba waliwalea watoto wao wa kike na wa kiume kwa usawa kabisa, na kwamba tofauti zilijitokeza zenyewe. Ugumu ni kwamba mzazi hajioni anapofundisha. Katika utafiti wa John na Sandra Condry wa mwaka 1976, watu wazima walionyeshwa filamu ya mtoto wa miezi tisa anayeshtushwa na kikaragosi kinachochomoka ghafla ndani ya boksi, kisha akalia. Filamu ilikuwa moja na mtoto alikuwa yule yule. Walioambiwa kwamba ni wa kiume walielekea kusema amekasirika. Walioambiwa kwamba ni wa kike walielekea kusema ameogopa. Anayedhaniwa kuogopa hubebwa na kubembelezwa, na anayedhaniwa kukasirika huachwa apambane. Mambo hayo yakirudiwa kila siku kwa miaka mitatu, hakuna atakayekumbuka kwamba lilikuwa somo.

Utafiti mwingine, uliochapishwa mwaka 2000, ulikwenda mbali zaidi. Akina mama wa watoto wa miezi kumi na mmoja walioneshwa ubao wenye mteremko unaoweza kurekebishwa, wakaombwa wauinamishe kwa kadiri wanayoamini mtoto wao ataweza kuteremka kwa kutambaa. Kisha watoto wenyewe wakajaribiwa. Mama wa wavulana walikisia kupita uwezo wa watoto wao, mama wa wasichana wakakisia chini ya uwezo wa watoto wao, ilhali katika kutambaa kwenyewe wasichana na wavulana hawakutofautiana. Akina mama hao hawakuwa na nia mbaya. Walikuwa ndio watu wanaowajua watoto hao kuliko mtu mwingine yeyote. Nikiufikiria utafiti huu, naumia zaidi kwa wale wasichana, maana tayari walikuwa wamepimiwa udogo kabla hawajaweza kusimama.

Mtoto naye hakai kimya akipokea tu. Afikapo miaka miwili au mitatu huwa anajua kuwaita watu wa kike na wa kiume, naye huanza kutafuta kwa bidii kanuni za kundi lake na kuwasimamia wenzake wazifuate. Watafiti Bian, Leslie na Cimpian walionyesha mwaka 2017, kwa kuwachunguza watoto wa Marekani, kwamba katika umri wa miaka mitano wasichana na wavulana huamini kwa kiwango kinachokaribiana kwamba watu wenye akili nyingi mno wamo katika jinsi yao, lakini kuanzia miaka sita imani hiyo hupungua kwa wasichana, nao huanza kuikwepa michezo inayosemwa kuwa ni ya watoto wenye akili nyingi.

Dhana: Kuna ubongo wa kike na ubongo wa kiume

Ubongo wa wanaume, kwa wastani, ni mkubwa kwa takriban asilimia kumi, kama ilivyo miili yao kuwa mikubwa. Lakini picha za ubongo za watu zaidi ya 1,400 zilizochambuliwa na Daphna Joel na wenzake mwaka 2015 zilionyesha kwamba watu wengi wana mchanganyiko wa sifa zinazopatikana zaidi kwa wanawake na zile zinazopatikana zaidi kwa wanaume.

Dhana: Kazi ikishakuwa ya wanaume, ni kwa sababu wanawake hawaipendi

Kompyuta ya ENIAC, mojawapo ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, iliyotambulishwa kwa umma huko Philadelphia mwaka 1946, ilitayarishiwa programu na wanawake sita, kwa kuwa wakati huo kuandaa programu kulihesabiwa kuwa kazi ya ukarani. Kazi ilipopata hadhi na mshahara mnono, ikageuka kuwa ya wanaume. Nchini Marekani, wanawake walikuwa asilimia 37 hivi ya waliohitimu shahada ya kwanza ya sayansi ya kompyuta mwaka 1984, na kufikia miaka ya 2010 walikuwa asilimia 18 hivi. Miili ya wanawake haikubadilika katika muda huo mfupi. Sheria nazo zimewahi kuchagua kwa niaba ya wanawake: Ufaransa, hadi mwaka 1965, mume aliweza kumzuia mkewe kufanya kazi ya kuajiriwa.

Dhana: Kwa kuwa jamii huunda jinsia, mwili hauna nafasi yoyote

Hili ni kosa la upande wa pili, nalo limewahi kumgharimu mtu maisha ya utotoni. David Reimer wa Kanada, aliyezaliwa mwaka 1965 na kujeruhiwa vibaya sehemu za siri akitahiriwa akiwa mchanga, alilelewa kama msichana kwa ushauri wa mwanasaikolojia John Money, aliyeamini kwamba malezi yangetosha. Hayakutosha; alipofika ujanani na kuambiwa ukweli, aliamua kuishi kama mwanamume. Majukumu ya kijinsia huundwa na jamii, ila mtu mwenyewe si udongo wa kufinyangwa.

Uhusiano wa mwili na malezi una njia mbili. Huko Cebu, Ufilipino, wanaume zaidi ya 600 walipimwa kiwango cha testosteroni, homoni kuu ya kiume, wakiwa na umri wa miaka 21 hivi, kisha wakapimwa tena baada ya zaidi ya miaka minne. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011 yalionyesha kwamba kwa waliooa na kupata watoto katika kipindi hicho homoni hiyo ilishuka sana, na kwamba baba waliotumia saa tatu au zaidi kwa siku kumhudumia mtoto walikuwa na kiwango cha chini kuliko baba wasioshiriki kabisa. Kwa hiyo anayeshikilia kwamba homoni ndizo zinazomtenga mwanamume na malezi anapaswa kueleza kwa nini homoni hizo hizo hubadilika pindi mwanamume anapolea.