Kifundo cha mkono: kipa atarudi lini langoni?

Nimeruka kudaka mpira mazoezini uwanja wa Mkwakwani, Tanga, nikaangukia kiganja. Mkono haujapinda, vidole vinacheza. Si nimeteguka tu?

Usiamini haraka. Inua dole gumba: kwenye kitako chake, upande wa mgongo wa mkono, kutajitokeza kijishimo kati ya kano mbili. Bonyeza humo. Pakiuma hasa, chukulia kuwa skafoidi imevunjika mpaka daktari aseme sivyo. Ni kimfupa cha kifundo cha mkono chenye umbo la korosho, na huvunjika bila kupindisha mkono. Vua pete na saa kabla hujavimba, egemeza mkono kwenye kipande cha boksi, uning'inize shingoni kwa kanga, uende hospitali.

Eksirei imetoka safi. Nikachuliwe?

La! Ufa mwembamba huweza kujificha siku za mwanzo. Mkono hufungwa kana kwamba umevunjika, picha hurudiwa baada ya siku 10 hadi 14. Sababu ni damu: huingia kimfupa hiki zaidi upande wa vidole, kisha ikarudi nyuma. Kikikatika katikati, kipande cha nyuma hubaki na njaa. Kinaweza kugoma kuunga, hata kufa. Kuchua husogeza vipande, na sigara huchelewesha kuunga.

Hogo, yaani plasta ngumu ya kufunga mfupa, litakaa muda gani?

Skafoidi iliyokatika katikati bila kusogea, wiki 8 hadi 12. Ikikatika ncha ya nyuma, au vipande vikiachana, mara nyingi hutiwa skrubu. Mfupa wa kigasha uliovunjika karibu na kifundo bila kusogea, wiki 6 hivi. Usijikune kwa spoku, usiogelee nalo baharini Raskazone. Vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi au maumivu yakizidi ingawa umeinua mkono, rudi hospitali saa hiyohiyo, hata usiku.

Limetolewa leo, Jumamosi tuna mechi.

Jumamosi kaa benchi. Anza kukunja na kugeuza kiganja, kisha kuminya mpira laini, baadaye pushapu za ukutani, mwisho za chini. Mechi inasubiri picha ionyeshe mfupa umeunga, kijishimo kisiume, na nguvu ya kushika ifike walau asilimia 80 ya mkono wa pili. Winga anaweza kuruhusiwa mapema akiwa na kifaa laini cha kukinga, daktari na refa wakikubali. Kipa hurudi wa mwisho: kila shuti analodaka linapiga palepale.